Swichi ya Kioo cha Motokaa, na Sababu ya Kufyatuka Kwake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mafundi na makanika katika mkutano wa tawi. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama walioikosa.)



Katibu alinitaka niseme nusu saa juu ya stima ya magari, na mimi nilikusudia kusema juu ya betri, kwa kuwa betri kila mtu aijua na maswali yake ni mengi. Lakini mwezi uliopita limezuka shauri ambalo wengi wenu mmelisikia, na asili ya shauri hilo ni kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono. Ni swichi ya kupandisha na kushusha kioo cha mlango wa motokaa. Nimeona betri ingoje siku nyingine.

Niwaeleze shauri lenyewe kwa wale wasiolijua. Katika gereji moja ya mji huu, ambayo sitaitaja, kijana mwanachama wetu alipewa motokaa ambayo kioo cha dereva kilikuwa kikikwamakwama. Mara chapanda, mara chakataa, mpaka uvute swichi mara tatu nne. Msimamizi akapita, akasema, "Pulizia mafuta, mpe mwenyewe aende." Kijana akachukua ule mkebe wa kupuliza tunaoutumia kulegezea nati zilizoshika kutu, akapuliza ndani ya swichi mpaka ikatoa povu. Kioo kikapanda kama kipya. Mwenye motokaa akalipa, akashukuru, akaenda zake.

Siku ya kumi na moja motokaa ikarudi. Swichi ilikuwa imeyeyuka kama mshumaa, mkono wa mlango umeungua, na mwenyewe amechomeka vidole viwili. Tajiri akalipa gharama zote, kisha akamwita kijana, akamwambia kwamba hasara hiyo itakatwa katika mshahara wake kwa miezi mitatu kwa sababu ya uzembe.

Sasa nauliza: uzembe ni wa nani? Hatuwezi kujibu kwa hasira. Tajiri ana hati ya gharama mkononi, nasi tukienda na kelele tu tutarudi na kelele zetu. Yatupasa tujue ndani ya swichi ile kulitokea nini.

Nilipokuwa nikiingia hapa mwenzetu mmoja aliniuliza swali ambalo naona ni mlango mzuri wa kuingilia. Alisema, "Bwana fundi, mimi swichi ya kioo ikiharibika nafunga swichi ya taa ya nyumba. Ile imeandikwa volti 250 na ampea 10. Betri ya motokaa ni volti 12 tu. Iliyoweza 250 itashindwaje na 12?" Hesabu yake yaonekana safi, na nimeona wengi wakifanya hivyo. Nami nilifanya hivyo nilipokuwa kijana, na kwa siku chache mambo huwa mazuri.

Lakini stima ya nyumba na stima ya betri hazina tabia moja. Stima inayokuja nyumbani kwa nguzo huenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kwa kila sekunde. Kwa hiyo mara 100 katika sekunde moja hufika mahali ikawa si kitu kabisa, halafu ikaanza tena. Ukizima taa, pointi mbili za swichi zikaachana, hutokea ulimi mdogo wa moto katikati yake. Ulimi huo hufa wenyewe stima inapopita pale pasipo kitu. Swichi ya nyumba yasaidiwa na stima yenyewe. Yaweza kuwa na nafasi ndogo, yaweza kufunguka polepole, na isidhurike.

Stima ya betri haina mahali pa kupumzika. Inakwenda upande mmoja tu, sekunde zote, kama maji ya mto usiokauka. Pointi zikiachana, ule ulimi wa moto hausaidiwi na mtu. Pointi za fedha, ambazo ndizo hutumika sana, zaweza kushika ulimi wa moto kati yao kukiwa na volti zipatazo 12 na nguvu inayokaribia nusu ampea tu. Nanyi mwajua kwamba betri twaiita ya volti 12, lakini injini ikinguruma utapima karibu 14. Basi tumo mpakani kabisa. Pointi zikiachana kwa nafasi ya unywele, moto hukaa. Zikiachana kwa nafasi ya milimita moja au zaidi, na upesi, moto huvutwa mpaka ukakatika. Jambo lote la swichi hii limo katika neno hilo: upesi.

Hata watu wa zamani walijua haya. Mwaka 1884 huko Newcastle, Uingereza, John Henry Holmes alitengeneza swichi ya kukata upesi kwa ajili ya taa za nyumba, kwa sababu siku zile nyumba nyingi zenye stima zilikuwa na stima ya kwenda upande mmoja kama hii ya betri, na swichi za polepole zilikuwa zikiungua. Baadaye nyumba zikaingia katika stima ya kwenda na kurudi, na swichi zake zikapunguziwa ukali. Motokaa ilibaki na ugonjwa ule ule alioutibu Holmes.

Sasa ongezeni mota. Taa ni mzigo mpole. Mota ina koili nyingi za waya wa shaba, na koili ikikatwa stima ghafula hukataa. Husukuma volti zake yenyewe juu ya zile za betri, ili mwendo usikome. Kwa hiyo pale pointi zinapoachana hazipambani na volti 14 tu.

Tena angalieni ni wakati gani mtu huachilia swichi. Kioo kinapopanda, mota ya mlango hutumia kama ampea 5 mpaka 8, kwa kutegemea ukubwa wa kioo na ukavu wa mipira yake. Kioo kikifika juu, mota husimama lakini kidole bado kimevuta. Mota iliyosimama na huku stima inaingia hula zaidi kuliko mota inayozunguka. Hufika ampea 15, 20, hata 25. Wakati huo ndipo dereva anapoachilia. Yaani swichi hukata mzigo mzito kuliko wote kila siku, kila safari, katika saa yake mbaya. Mota nyingi zina kinga ya joto ndani yake, inayokata stima zikipashwa moto sana, lakini kinga hiyo huchelewa sekunde kadhaa. Swichi haina sekunde kadhaa.

Madirisha haya si mambo mapya. Packard ya Marekani ilikuwa na vioo vinavyosukumwa kwa nguvu ya mafuta ya haidroliki mwaka 1940, na Chrysler Imperial ikaja na vioo vya mota za stima mwaka 1951. Zamani ilikuwa anasa ya matajiri. Leo hata Vitz ya mtumba inayobeba abiria wa kukodi ina mota nne na swichi nne, na dereva wake huzitumia kutwa nzima.

Basi mtengenezaji afanyeje ili pointi ziachane upesi, na huku kidole cha mtu hakina mwendo mmoja? Mwingine hubonyeza kama anayepiga ngoma, mwingine, hasa mzee au mtu aliyechoka, huachilia polepole. Pointi zikifuata kidole, basi kidole cha polepole kitachoma swichi. Dawa yake ni kutenga kidole na pointi. Kidole kikaze springi, na springi ndiyo ifanye kazi.

Ninyi nyote mliokulia mashambani mwaujua mtego wa panya au wa ndege. Panya aweza kugusa chambo polepole sana, lakini mtego haufyatuki polepole. Nguvu ilikwisha kuwekwa katika ule ufito uliopindwa. Panya hutoa ruhusa tu. Swichi nzuri ya kioo ni mtego wa namna hiyo.

Nimeleta hapa swichi moja niliyoipasua kwa msumeno, na nitaipitisha. Mtaona kijibati cha shaba kilichokaa juu ya kigingi kidogo katikati, kama ubao wa watoto wa kubembea, mmoja akiwa huku na mwingine kule. Mwisho wa ubao upande mmoja kuna pointi ya fedha. Juu ya ubao kuna kijiti cha plastiki chenye kichwa cha mviringo, na nyuma yake springi. Ukivuta swichi, kijiti kile huteleza juu ya ubao. Kikiwa bado upande wa huku wa kigingi, ubao hautikisiki hata kidogo, wala hukuhisi ila springi inakazwa. Kikivuka kigingi kwa unywele tu, nguvu yote ya springi huwa upande wa kule, na ubao hupinduka tak! Ile sauti ndogo unayoisikia ndiyo hiyo. Ubao hupinduka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na hupinduka hivyo hivyo kama kidole ni cha kijana au cha mzee.

Kuna namna nyingine ya kufyatua, aliyoibuni Philip McGall wa Freeport, Illinois, mwaka 1932. Hiyo haina kijiti wala ubao. Ni bati jembamba la springi lililokatwa na kupindwa hata likataka kuruka upande wa pili likiguswa kidogo. Hiyo mmeiona katika mashine za viwandani na katika milango ya lifti. Kwa vioo vya motokaa ule ubao wa kubembea ndio ulioenea, kwa kuwa ni rahisi na wastahimili ampea nyingi.

Msidhani kwamba kazi imekwisha hapo. Springi ikiwa dhaifu, ubao hubana pointi kidogo, na pointi zisizobanwa sawasawa hupata joto. Mwenye kalamu aandike: ampea 20 zikipita mahali penye ukinzani wa omu 0.01, joto ni wati 4, na swichi hustahimili. Ukinzani ukipanda ukawa omu 0.1 kwa sababu ya uchafu au pointi kuliwa, joto ni wati 40. Wati 40 ni pasi ya kulehemia waya, nayo imo ndani ya kijisanduku cha plastiki. Springi ikiwa kali mno nayo ina ubaya wake. Pointi hugonga kama nyundo juu ya fuawe, hurukaruka mara kadhaa kabla ya kutulia, na kila mruko hutoa cheche yake. Zikiruka sana zaweza kulehemiana zenyewe, na kioo kisikome kupanda ijapokuwa umeachilia. Kwa sababu hiyo fedha tupu, ijapokuwa hupitisha stima kuliko madini yote, haipendwi hapa. Huchanganywa na nikeli au na oksidi ya bati ili isishikane.

Sasa nifike mahali ambapo, naona, mafundi wengi hatupajui, nami nilipajua kwa hasara. Swichi ya kioo haikati na kuunga tu kama ya taa. Katika magari mengi yenye ufundi wa kawaida, swichi ikiwa imepumzika, waya zote mbili za mota zimegusa bodi. Ukivuta juu, waya mmoja huondoka bodi ukagusa moto, na mwingine hubaki bodi. Ukisukuma chini, ni kinyume chake. Hii ni busara kubwa. Ukiachilia, waya ule hurudi bodi, na mota ambayo bado inazunguka hugeuka kuwa jenereta iliyofungwa mdomo, ikajipiga breki yenyewe. Kioo husimama pale ulipotaka.

Lakini angalieni hatari yake. Ubao unapotoka pointi ya moto kwenda pointi ya bodi, kama ule ulimi wa moto haujafa, basi kwa nukta ile moto wa betri hupita katika ulimi, ukaingia katika ubao, ukafika bodi bila kupitia mota. Hakuna tena cha kuuzuia ila fyuzi. Kwa hiyo upesi peke yake hautoshi. Nafasi nayo lazima iwe ya kutosha ili ulimi ukatike kabla ubao haujafika ng'ambo. Swichi inayofyatuka upesi mno kwenye nafasi ndogo ni mbaya sawa na ya polepole. Ndiyo maana nasema msifunge swichi ya gari dogo katika lori au basi la volti 24. Itaingia vizuri katika tundu, itafanya kazi asubuhi, lakini nafasi yake ilipimwa kwa volti 12. Miaka ya tisini na mwanzo wa elfu mbili makampuni ya magari yalitaka kuhamia volti 42, na moja katika mambo yaliyowasumbua lilikuwa ni huu huu ulimi wa moto katika swichi na rilei.

Hasara yangu ilikuwa hivi. Nililetewa motokaa, kioo cha abiria hakipandi wala hakishuki. Nikabadili mota. Hakuna. Nikabadili swichi ya mlango wa abiria. Hakuna. Nikanunua mota ya pili kule Grogan nikidhani ya kwanza ni mbovu. Kumbe waya za abiria hupita katika swichi yake, halafu huendelea mpaka swichi kubwa ya dereva, na huko ndiko zinakopata bodi. Pointi ya bodi ya dereva ilikuwa imeungua. Abiria angebonyeza mpaka kesho. Siku hizi nafanya kitu kimoja kwanza: nachukua taa ya kupimia, ncha moja kwenye moto, ncha nyingine kwenye waya unaokwenda kwa dereva. Taa isipowaka kwa nguvu, sigusi mota. Tena natazama kwanza kama kile kitufe cha kufungia vioo vya abiria hakikubonyezwa na mtoto. Msicheke, nimeona mlango mzima umefunguliwa kwa ajili ya kitufe.

Turudi kwa kijana wetu na mkebe wake.

Mwaka 2012, mwezi wa Oktoba, Toyota ilitangaza kuyarudisha magari 7,430,000 duniani kote kwa sababu ya swichi kubwa ya dereva ya vioo. Katika hayo walikuwamo Yaris na Vitz, Corolla, Camry na RAV4. Kosa lilikuwa grisi. Kiwandani grisi haikupakwa sawasawa ndani ya swichi, ikakwamakwama. Na wao wenyewe walionya kwamba mtu akitia mafuta ya kununuliwa dukani ili kulegeza ule mkwamo, swichi yaweza kuyeyuka, kutoa moshi na kuwaka. Oktoba 2015 wakarudisha tena mengine 6,500,000 kwa ajili ya swichi ya namna hiyo, kwa kuwa vumbi la pointi zinazosagika laweza kukusanyika likaunganisha moto na bodi.

Sasa mnaona. Grisi ya kiwandani ina mahali pake. Yakaa pale kijiti kinapoteleza juu ya ubao, nayo ni grisi ya namna yake inayostahimili joto. Dawa ya kupuliza ina kitu kama petroli ndani yake. Huiosha ile grisi, huichukua pamoja na vumbi jeusi la shaba na fedha, huviteremsha vyote katika nafasi ya pointi. Kwa saa ile kijiti huteleza vizuri, na kioo hupanda kama kipya. Lakini kila mara swichi inapokata, ulimi wa moto huyachoma mafuta yale yakawa masizi. Masizi ni makaa, na makaa hupitisha stima. Siku ya kwanza kidogo, siku ya pili zaidi, mpaka inatengenezeka njia nyembamba kutoka pointi ya moto kwenda pointi ya bodi. Njia hiyo haihitaji kidole. Ufunguo ukiwashwa tu, stima yapita, joto lapanda, plastiki yalainika. Na fyuzi haikatiki, kwa sababu fyuzi ya ampea 20 au 30 haijui tofauti ya ampea 5 za mota na ampea 5 za moto. Siku kumi na moja zatosha kabisa.

Chai yenye sukari iliyomwagika, na maji ya mvua yaliyoingia kwa kioo kilichoachwa wazi, hufanya kazi ile ile, ila kwa mwendo wao. Baada ya mafuriko ya 2024 nilifungua swichi nyingi zilizokuwa kijani ndani kama mchicha.

Magari ya miaka ile ya grisi mbaya yako tele katika barabara zetu. Yalikuja mtumba, na tangazo la kuyarudisha huenda halikumkuta mwenye gari wa sasa. Namba ya chasi yaweza kuulizwa kwa wakala. Mteja akileta swichi inayokwama, mwambie hivyo, andika katika karatasi ya kazi, na swichi ibadilishwe. Tajiri akisema ni gharama, iandikwe pia kwamba tajiri alisema.

Nilitaka nikomee hapo, lakini liko jambo la watoto, na siwezi kuliacha. Zamani swichi nyingi zilikuwa za kubonyeza, zimelala juu ya mkono wa mlango. Mtoto hupanda kiti, huweka goti juu ya mkono wa mlango, hutoa kichwa nje kutazama watu. Goti likaangukia swichi, kioo kikapanda shingoni. Watoto wamekufa hivyo, na huko Marekani wazazi walipiga kelele miaka mingi. Mwaka 2004 ilitolewa kanuni kwamba mpira mgumu wenye kipenyo cha milimita 40, ambao ni kama goti la mtoto, ukiegemezwa juu ya swichi kwa nguvu ya nyutoni 135, yaani kama uzito wa kilo 14, kioo kisipande. Mwaka 2005 Bunge lao likaagiza kwamba kioo kipande tu kwa swichi kuvutwa juu au nje. Goti halivuti. Kwa sababu hiyo swichi za siku hizi zina ukucha wa kuingiza kidole chini yake. Na vile vioo vinavyopanda vyenyewe kwa kubofya mara moja, kanuni za Ulaya zataka virudi nyuma vikikutana na kitu, kabla nguvu haijapita nyutoni 100.

Basi sisi hapa tukichukua swichi ya taa, au ile ya kubonyeza ya mtumba, tukaichomeka juu ya mkono wa mlango kwa kuwa ndiyo iliyopatikana, tumeiondoa kinga hiyo kwa mikono yetu. Isitoshe, swichi ya taa hairudi yenyewe. Ukiiwasha inakaa imewaka, hata kama kichwa cha mtoto kimo dirishani. Mwenzangu aliyeuliza mwanzo, naona umenyamaza. Nami nilinyamaza nilipoelezwa.

Magari mapya zaidi hayana haya ya ampea 20 katika kidole. Swichi hutoa ishara ndogo tu, na rilei au kijikompyuta cha mlango hufanya kazi nzito. Hizo zina maradhi mengine. Stima ndogo haina nguvu ya kuchoma utando mweusi unaoota juu ya fedha, kwa hiyo pointi hupakwa dhahabu, au huundwa zisuguane kidogo kila zinapogusana. Ukizipaka msasa umeondoa dhahabu yenyewe. Acheni msasa.

Sasa shauri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika, lakini kwa kiasi cha haki, na ikiwa ni kwa kosa la makusudi la mfanyi kazi. Makusudi, ndugu zangu. Kijana aliyefanya alivyoambiwa na msimamizi, kwa dawa aliyopewa na gereji, pasipo kufundishwa hata siku moja kwamba dawa ile ni sumu ya swichi, makusudi yake yako wapi? Tena makato yote kwa jumla hayawezi kupita theluthi mbili ya mshahara wake. Na kama tajiri atageuka aseme anamfukuza, kifungu cha 41 chataka kwanza kijana aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, naye awe na mfanyi kazi mwenziwe au mwakilishi wa chama karibu naye.

Sisemi kwamba mkono wake haukupuliza. Ulipuliza. Mwenye motokaa amechomeka vidole, na haki yake ipo. Lakini gereji iliyojenga desturi ya "pulizia mafuta, mpe aende" haiwezi kumtafuta mwenye desturi hiyo katika mfuko wa kijana wa mwaka wa pili.

Mwakilishi wetu ataingia kwa tajiri Alhamisi saa nne asubuhi, na amenitaka niende naye. Twataka kuchukua swichi yenyewe iliyoungua, ili tuonyeshe ule mstari wa masizi kati ya pointi mbili. Gereji yasema imetupwa. Kama yuko mtu hapa anayefanya kazi pale na ajua pipa lake liko wapi, anione kabla ya kutoka.

Swichi tatu nilizozipasua ziko mezani: moja mpya, moja iliyokufa kwa uzee, na moja iliyopuliziwa. Njooni wawili wawili, maana taa ya hapa ni hafifu, na kijiti chake hupotea upesi kikianguka chini.